Koti la Kwenda Patmo

Mwezi wa nane Sumbawanga baridi haina adabu. Inaingia nyumba za watu bila hodi na kukaa mpaka mchana. Jumatatu hiyo, saa mbili asubuhi, Sajenti Kabula aliteremka kwenye gari la polisi pale Mazwi, mbele ya nyumba ya bati jekundu, mikono ameifutika kwapani. Mtoto wa Kisukuma huyo, kazaliwa bondeni Mtowisa katikati ya ng'ombe wa baba yake, kule ambako jua likichomoza hata mbwa anatafuta kivuli. Miaka minne ya kazi huku juu ilikuwa imemfundisha kuvaa soksi mbili mbili, basi.

"Omba ukae jikoni kwao, Afande," alisema dereva wake, Koplo Dominiko, Mfipa wa kuzaliwa aliyebakiza miezi mitano astaafu. "Utahoji vizuri ukishayeyuka."

"Wewe kaa kwenye gari ugande, mzee. Tukikutafuta tutajua pa kukupata."

Alikuwa na siku moja tu. Alhamisi iliyopita mwanamke aitwaye Josefina, muuza vitenge sokoni, alifika kituoni na kusema dada yake hapatikani. Dada mwenyewe ni Mwalimu Epifania, mstaafu wa shule ya msingi, mke wa Mzee Evaristi. Evaristi alikuwa akisema mkewe ameondoka Jumanne kwenda Ugiriki, kisiwani Patmo, kwa mapumziko. Josefina akasema haiwezekani: safari ile walikuwa wanaipanga wao wawili tangu mwaka jana, na ilikuwa iwe tarehe ishirini na tano. Mkuu wa upelelezi alicheka mpaka akakohoa. Mtu kwenda kutalii si jinai, alisema, na dada kumkimbia mdogo wake si jinai pia. Yeye mwenyewe ana wadogo saba. Barua ikaandikwa kwa heshima kwenda Uhamiaji Dar es Salaam, majibu yaje yatakapokuja. Jumatatu jioni jalada lifungwe.

Josefina hakupiga kelele. Alimfuata Kabula mpaka mlangoni na kumwambia kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa: "Kama yu hai, mnipe nimtukane kwa kuniacha. Kama amekufa, mnipe nimlilie. Hapa katikati mliponiweka sipawezi."

Ndiyo yaliyomleta Kabula Mazwi.

Mji mzima ulikuwa unaijua hiyo safari, na mji mzima ulikuwa haujaielewa. Watu wa Ufipa husafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa ugonjwa, au kumpeleka mtoto shule. Mtu kupanda ndege akakae tu, hilo lilikuwa jipya. Padre alimuuliza Epifania kama ni hija, maana Patmo ndiko Mtakatifu Yohana alikoandikia Ufunuo. Mwalimu alijibu kuwa ni mapumziko, hija ataipitia akiwa njiani. Wanawake wa jumuiya wakaguna. Neno "apumzike" walikuwa wamelizoea kulisoma kwenye misalaba.

Mzee Evaristi alifungua mlango kabla hajagongewa. Alikuwa mwembamba, msafi, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Miaka thelathini alikuwa karani wa mahakama, akiandika uongo wa watu wengine kwa mwandiko mzuri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nilijua mtakuja, Josefina hana kazi."

Alimimina chai kutoka kwenye chupa, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti, akaanza kutoa maelezo kabla ya kuulizwa. Siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili, saa kumi na moja na robo alfajiri, alimsindikiza mkewe mpaka stendi. Mkewe alikuwa na begi moja kubwa la bluu. Alipanda basi la Dar. Mpaka hapo alikuwa hajakosea hata mkato. Mkewe aliamua kutangulia peke yake kwa kuwa alichoshwa na maneno ya mdogo wake, na alimwandikia Josefina ujumbe wa simu kumwomba radhi.

Ujumbe huo Kabula alikuwa ameuona kwa Josefina. *Nimetangulia. Nisamehe. Nilitaka kwenda peke yangu.* Ulitoka kwenye simu ya Epifania Jumanne saa nne asubuhi, na tangu hapo simu ilizimwa. Na stendi Kabula alikwishapita. Konda wa basi alithibitisha bila kusita kwamba Mzee Evaristi alikuwepo alfajiri ile, alisimama kando ya basi, akapunga mkono mpaka basi likakata kona. Ushahidi huo ulimkalisha Kabula Jumamosi nzima. Ni jana tu ndipo alipomrudia konda kumuuliza swali la pili: mzee alikuwa anampungia nani? Konda akajikuna. Yeye alikuwa anatazama tiketi, alisema, madirisha hayamhusu.

"Begi alifunga nani, baba?"

"Mwenyewe. Wanawake hawapendi kufungiwa begi."

"Naweza kuona alichoacha?"

Evaristi alimwongoza chumbani kama anayemwonyesha hakimu kielelezo. Kabati lilikuwa wazi upande wa mke. Alianza kuhesabu kwa kidole vitu visivyokuwepo: koti zito la kahawia, sweta tatu, ile ya kijani ikiwemo, soksi za sufu, shali, blanketi dogo. Vyote amekwenda navyo. Kabula aliandika. Kwenye vitundiko vilivyobaki kulikuwa na kanga, sare za kwaya, na mwisho kabisa magauni mawili mapya ya pamba, mepesi, ya mikono mifupi, nyuzi za fundi bado zinaning'inia. Chini yake kulikuwa na kofia pana ya ukili na kandambili mpya ndani ya mfuko wake.

"Hivi hakuvichukua?"

"Vya nini?" Kwa mara ya kwanza mzee alicheka. "Ulaya ni baridi, mwanangu. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Nilimwambia, funga vitu vizito, usije ukanifia huko."

Kabula aliandika hilo pia, neno kwa neno, na kumwomba kitu chochote kinachohusu safari. Mzee alikuwa amekiweka tayari mezani: daftari la shule la kurasa mia moja, jalada limefunikwa kwa gazeti, *PATMO* limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Alilitoa kwa mikono miwili. Humo mna kila kitu, alisema, meli, nyumba ya kulala, ramani aliyoichora mwenyewe. Mtu asiyesafiri hawezi kuandika yote hayo.

"Umelisoma, baba?"

"Mambo ya wanawake hayo. Mimi sina muda."

Akamwuliza mwisho kama amekwenda mahali popote wiki ile. Hapana. Mama yake mzazi yuko kijijini Kate, lakini hajafika huko tangu Pasaka, mgongo unamsumbua. Kabula alishukuru kwa chai.

Kabla ya kurudi garini alipita uani kwa jirani, Urbano, fundi baiskeli, aliyekuwa ameinamia gurudumu na kujifanya hajaona gari la polisi lenye urefu wa ng'ombe wawili. Urbano hakujua lolote. Pamoja na kutojua lolote, aliweza kueleza kwamba Jumapili ile kabla ya hiyo Jumanne, watu wakiwa misa ya kwanza, pikapu ya mzee ilitoka. Yeye siku hiyo alikuwa na tumbo, ndiyo maana hakwenda kusali. Ilirudi jioni, magurudumu mekundu kwa vumbi. Vumbi la hapa Mazwi, alisema, ni la kijivu.

Kabula aliingia garini, akafungua daftari juu ya magoti.

Mwandiko ulikuwa wa ubaoni, wa herufi za duara zisizogusana. Epifania aliipanga safari ile kama alivyopanga masomo. Usiku mmoja melini kutoka bandari ya Athene. Nyumba ya wageni juu ya bandari ndogo iitwayo Skala, chumba chenye vitanda viwili, dirisha lione maji. *Siku ya kwanza: kulala. Siku ya pili: kulala tena, Josefina akitaka kutembea atembee. Siku ya tatu: Pango la Mtakatifu Yohana, mapema, kabla ya jua kali. Siku ya nne: kukaa kwenye kiti, miguu ndani ya maji, mtu mwingine akipika.* Siku ya tano ilikuwa kama ya nne, ila mbele yake aliandika: *pweza, Josefina hali, nimwambie ni uyoga.*

Dominiko, aliyekuwa anachungulia, alicheka. Kabula hakucheka. Alikuwa amefika ukurasa wa nguo.

Alimsomea kwa sauti. "'Magauni mepesi mawili. Kofia. Kandambili. Koti LIACHWE, sweta ZIACHWE. Mwezi wa nane na wa tisa Patmo ni Mtowisa tupu.' Mstari umepigwa chini mara mbili."

"Patmo si Ulaya?"

"Ulaya."

"Basi Ulaya ni baridi," alisema Dominiko kwa imani ya mtu aliyebatizwa.

"Ndivyo ninyi nyote huku juu mnavyojua. Na yeye mzee ndivyo anavyojua. Ila Mwalimu aliuliza, akasoma, akamwita fundi amshonee. Sasa nieleze, mzee Dominiko. Mtu anajua anakwenda kwenye joto, anashona nguo za joto, halafu siku ya safari anaziacha kabatini na kubeba koti na blanketi?"

Dominiko alizima injini iliyokuwa inanguruma bure.

"Begi alilifunga mtu asiyejua Patmo iko wapi," alisema Kabula. "Na anayefunga begi la mtu mwingine ili ionekane amesafiri, anajua kwamba hajasafiri."

Alifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Tarehe tisa, Jumamosi. Ulikuwa na sentensi tatu. *Leo E. ameuliza nafasi yake iko wapi katika safari hii. Nimemwambia nafasi yake iko nyumbani, kama yangu ilivyokuwa miaka thelathini na nane. Hajajibu, anatazama tu.*

Baada ya hapo kurasa zilikuwa nyeupe.

"Amekupa mwenyewe hili daftari," alisema Dominiko polepole. "Kwa mikono miwili."

"Hakuwa na muda wa kulisoma."

Mwendesha baiskeli mwenye gunia la mkaa alipita. Kabula aliuliza kile kilichokuwa kimebaki: koti na sweta ziko wapi? Mtu anayeficha angezichoma. Dominiko alitikisa kichwa kama aliyesikia tusi.

"Afande, wewe ni wa bondeni, hujui. Mfipa kuchoma sweta mwezi wa nane? Mke utamsikia amechomwa, lakini sweta..." Akajishika mdomo. "Nisamehe. Ninachosema, sweta hupewa mtu. Na hapewi mtu wa mjini atakayeonekana nayo."

"Vumbi la Kate ni rangi gani?"

Dominiko aliwasha gari.

Walifika Kate baada ya saa sita mchana. Kabula alimpitia mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rafaeli, kama taratibu zinavyotaka, na wote watatu wakaenda nyumba ya mwisho kabla ya mashamba. Bibi Mariana, mama yake Evaristi, alikuwa ameketi ukutani upande wa jua, anapepeta ulezi. Mtu wa miaka themanini na kitu, mdogo kama mtoto. Mabega yake yalipotelea ndani ya koti zito la kahawia, na chini ya koti, kola ya sweta ya kijani ilimfika kidevuni.

Dominiko aligeuka akatazama ukuta.

Kabula alisalimia, akapewa kigoda, akapewa karanga. Hakuharakisha. Aliuliza habari za mavuno, za miguu, za kanisa. Bibi alikuwa mchangamfu. Wageni wenye sare si wa kila siku. Kabula aliposifia koti, uso wake ukafunguka kama dirisha. Ni la mkwe wake, alisema, Mwalimu. Anakwenda Ulaya, amesema huko atanunua jipya, mama achukue hili. Evaristi ndiye aliyelileta, na sweta tatu, na blanketi, begi zima.

"Alileta lini, bibi?"

"Jumapili ile. Nimetoka misa nikamkuta hapa uani ananawa. Sijui mara ya mwisho alinawa mwenyewe lini bila kuletewa maji."

Jumapili. Kwa maelezo ya mzee, nguo hizo zilipanda basi Jumanne. Kabula alimtazama mwenyekiti kuhakikisha amesikia. Mwenyekiti alikuwa amesikia. Alikuwa amevua kofia.

"Mwalimu mwenyewe hakuja kuaga?"

Bibi alipepeta kidogo. Hilo lilimuuma, alisema. Mkwe mzuri yule, kila akija humletea sukari, na safari ndefu vile hakuja kuaga. Lakini Evaristi alimwambia ana shughuli nyingi. Na ni kweli siku hiyo mwanawe alikuwa na huruma ya ajabu. Mtu aliyekimbia jembe tangu alipojua kusoma, siku hiyo alishika jembe.

"Alilima?"

"Alilima nini!" Bibi alicheka, mkono mdomoni. "Mjini kumemharibu. Alinipigia ntumba, haya matuta yetu ya mviringo, moja tu, kule mwisho wa shamba. Mwezi wa nane! Ntumba hupigwa mwezi wa pili, wa tatu, nyasi zikiwa mbichi, unazifukia zinaoza humo ndani, mvua ikija unapanda. Yeye kakusanya nyasi kavu kama za kuezekea, kafunika na udongo, kaacha hapo. Itaoza nini? Nikasema nyamaza, Mariana, mtoto amekukumbuka..."

Alikuwa anamtazama Dominiko. Dominiko ni mtu wa huku, na amelelewa kwenye ntumba, na machozi yalikuwa yanamteremka bila yeye kujua. Bibi alimtazama yeye, kisha mwenyekiti aliyeshika kofia, kisha Kabula. Mkono wake uliokuwa na ungo ulishuka mpaka magotini.

"Mlikuja kutafuta nini?" aliuliza.

Kabula alimwambia. Hakupamba. Alimwambia Mwalimu hajaonekana tangu Jumamosi ile, kwamba nguo alizovaa bibi zilitakiwa kuwa safarini, na kwamba itabidi waitazame ile ntumba.

Bibi alivua koti, akalikunja. Akavua sweta, akaikunja juu ya koti. Alibaki na kigauni cha kitenge kilichochakaa, mikono imesinyaa kwa baridi, na Kabula alipomwomba ajifunike alikataa kwa kichwa.

Shamba lilikuwa limejaa ntumba za msimu ule, mamia, za mviringo, nyeusi, zimekaa kwa safu kama makundi ya ng'ombe waliolala. Mtu wa bondeni angepita pale mwaka mzima asione kitu. Bibi hakuonyesha kwa kidole. Alikwenda moja kwa moja. Ile ilikuwa pana kidogo kuliko nyingine, na udongo wake mwekundu, wa chini, umeletwa juu.

Kabula alipiga simu kituoni: Mzee Evaristi akamatwe sasa hivi, na daktari aletwe Kate. Upande wa pili mkuu wa upelelezi alianza kuuliza habari za jalada, kisha akaacha. Dominiko alikuwa amekwenda kuazima jembe. Bibi alipomwona nalo alimzuia.

"Usimpige jembe," alisema. "Hujui amelala vipi."

Kwa taratibu, shahidi hagusi. Kabula alizijua taratibu, na alimruhusu atoe nyasi za juu tu, mwenyekiti akitazama. Bibi Mariana alipiga magoti akaanza kuifungua ntumba kwa vidole, kitita baada ya kitita, anaondoa udongo kando na nyasi kando, kama alivyozifungua maisha yake yote. Upepo ulikuwa unampeperusha gauni. Zilipokwisha nyasi kavu, kona ya shuka ilitokea, na kwenye shuka mkono, na kwenye mkono saa ndogo ya kike ambayo ilikuwa bado inatembea.

Kabula alimshika bega. "Basi, bibi. Hapo panatosha."

Simu yake ilitetemeka mfukoni. Jina lililoandikwa lilikuwa la Josefina. Aliiangalia, akasogea hatua chache pembeni, akapokea. Hakupata nafasi ya kusema zaidi ya "dada", maana Josefina alikuwa ameshaisikia pumzi yake, na sauti iliyotoka kwenye simu ile ilifika mpaka kwa mwenyekiti. Kabula hakukata. Aliishikilia tu simu, mbali kidogo na sikio, mwenzake apate pa kulilia.

Alipogeuka, bibi alikuwa bado chini. Huku Ufipa mdogo ndiye anayechuchumaa mbele ya mkubwa na kumpigia makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa, kumsalimu. Mkwe humfanyia mama wa mumewe hivyo mpaka kaburini. Bibi Mariana, miaka themanini na kitu, alikuwa amechuchumaa kando ya udongo, kichwa kimeinama, anampigia mkwe wake makofi.